Kuugua kwa Muda Mrefu

Wasifu wa marehemu una njia yake, na kila aliyewahi kukaa chini ya turubai la msiba anaijua kwa moyo. Alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa nne kati ya watoto tisa. Alibatizwa, akapata kipaimara, akasoma hadi darasa la nne. Alifunga ndoa takatifu. Alijaliwa watoto, wajukuu na vitukuu. Halafu, karibu na mwisho, inakuja sentensi iliyoandikwa mara nyingi hata imekuwa kama mhuri: aliugua kwa muda mrefu, akapatiwa matibabu katika hospitali mbalimbali, hadi Bwana alipomwita.

Muda mrefu kiasi gani? Na aliugua nini?

Mjadala unaosimuliwa hapa unahusu sentensi hiyo moja. Umewekwa sebuleni, katika nyumba moja wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, usiku wa kuamkia maziko ya mama aliyeishi miaka saba na ugonjwa wa Alzheimer. Familia yenyewe haina jina. Imeundwa kwa sauti zinazosikika katika misiba mingi, na yeyote aliyeuguza mzazi wa namna hii atamwona mtu wake humo. Mifano ya nje ya nyumba hiyo, ya karibu na ya ughaibuni, ni ya kweli.

Uani vijana wanaota moto. Jikoni wanamenya ndizi za mtori wa kesho. Ndani, kaka mkubwa, mwalimu wa fasihi aliyefika jana jioni kutoka Dar es Salaam, amemaliza kuandika wasifu kwenye simu na anausoma kwa sauti. Anasoma vizuri, kama mtu aliyezoea darasa. Anafika kwenye "aliugua kwa muda mrefu", anapita, anafika kwenye "Amina".

"Baba Mkubwa," anasema mjukuu, binti wa mwaka wa tatu katika chuo cha uuguzi, "mbona Bibi ameishia mwaka 2017?"

"Ameishia vipi?"

"Umeandika aliuza ndizi sokoni Kwa Sadala, aliimba kwaya, alitunza pesa za kikundi cha akina mama. Baada ya hapo kuna mstari mmoja tu. Miaka saba, mstari mmoja."

Kaka anaweka simu mezani. "Wasifu ni heshima, mwanangu. Watu wanamjua mama kwa mkono wake. Hakuna aliyeingia mlango ule akatoka na njaa: wapiga debe, wageni wa kanisa, hata wale waliochanganyikiwa wanaolala sokoni, wote walikula hapa. Huyo ndiye ninayetaka wamzike kesho. Nisimame mbele ya mchungaji na umati wote niseme kwamba mwisho alikuwa analala na viatu? Kwamba aliniuliza mimi, mwanawe wa kwanza, natokea ukoo gani?"

Shangazi, dada wa marehemu baba yao, anatikisa kichwa kukubali. "Wifi yangu alikuwa mtu wa sitara. Sijawahi kumwona akivuka uzio bila khanga ya pili begani. Leo amelala, ndiyo mumvue?"

Hapo ndipo ulipo mzizi wa mjadala mzima. Kiswahili kinalo neno sitara, na uzito wake haufikiwi na "siri" wala "faragha". Kumsitiri mtu ni kumfunika asiaibike: kumpa nguo ni kumsitiri, kumzika vyema ni kumsitiri, kunyamazia udhaifu wake mbele ya wageni ni kumsitiri pia. Anayetetea sitara msibani hatetei uongo. Anamtetea mtu ambaye hawezi tena kujifunika mwenyewe. Hoja ya shangazi imetoka kwenye upendo, na anayetaka kuipinga hana budi kuanza kwa kuikubali.

Binti hakuanzia hapo. Alianza na methali, kama vijana wanavyofanya wanapotaka kuwashinda wazee kwa silaha yao. "Bibi Shangazi, si mlitufundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua?"

"Methali hiyo inamsema anayejificha asitibiwe," shangazi akajibu bila kupandisha sauti. "Huyu alitibiwa, na kifo kimeshakuja. Kimemuumbua nini?"

Kimya kidogo. Binti akabadilisha njia.

Akasimulia habari za mama mwingine. Auguste Deter alikuwa mke wa karani wa reli mjini Frankfurt, Ujerumani. Novemba 1901, Auguste akiwa na miaka 51, mumewe alimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili kwa sababu nyumba ilikuwa haikaliki: vitu vinafichwa, chakula kinaharibika jikoni, usiku ni vurugu. Daktari mmoja, Alois Alzheimer, alikaa kando ya kitanda chake akiandika kila swali na kila jibu. Jina lako nani? Auguste. Jina la ukoo? Auguste. Mumeo anaitwa nani? Akafikiri, akajibu tena jina lake mwenyewe. Saa ya chakula alikuwa anatafuna nyama ya nguruwe na koliflawa. Alipoulizwa anakula nini, akasema spinachi. Na kati ya maneno yaliyovurugika, faili limehifadhi maneno ambayo hayakuvurugika hata kidogo: alimwambia daktari kwamba amejipoteza.

Alipofariki, Aprili 1906, ubongo wake ulichunguzwa chini ya hadubini. Alzheimer alikuta mabonge ya uchafu nje ya seli na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli. Novemba mwaka huo aliwaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen, na mwaka 1910 mkuu wake, Emil Kraepelin, akaliingiza jina la Alzheimer katika kitabu chake cha tiba ya akili. Faili lenyewe lilipotea kwa miongo mingi likaja kuonekana tena Frankfurt mwaka 1995.

"Kama mumewe angesema tu kwamba mke wangu ameugua kwa muda mrefu," binti alimalizia, "ugonjwa huu ungekaa bila jina kwa miaka mingapi tena?"

Shangazi alikuwa amesikiliza kwa makini kuliko wote. "Hebu nikuulize. Huko kwenye vitabu vyenu, jina lake lote liliandikwa tangu mwanzo?"

"Hapana, Bibi Shangazi. Kwa miaka mingi aliandikwa Auguste D. tu."

"Basi hata hao walijua kusitiri."

Lilikuwa jibu zuri, lisiloepukika. Sayansi ilimhitaji Auguste, lakini iliona haya kulianika jina la ukoo wake. Na kaka, kwa kuwa ni mtu wa vitabu, alipata mlango.

"Nitakupa mfano wa pili," alisema. "Iris Murdoch. Aliandika riwaya 26 na vitabu vya falsafa. Alichukua tuzo ya Booker mwaka 1978. Akapata ugonjwa huu huu, akafariki Februari 1999. Mwaka mmoja kabla, yeye akiwa hai lakini hawezi tena kufuata kinachoandikwa, mumewe, John Bayley, alitoa kitabu kuhusu maisha yao. Humo ndani kuna kumvalisha, kuna kugombana, kuna wawili hao kukaa asubuhi mbele ya televisheni wakitazama vipindi vya watoto wadogo. Mwaka 2001 ikaja filamu. Leo ukimtaja Murdoch kwa mtu wa kawaida, anakumbuka bibi kizee aliyepotea, hamkumbuki mwanafalsafa. Ndivyo unavyotaka wamkumbuke bibi yako?"

Mdogo wake, kitinda mimba, ambaye kwa desturi ya Wachaga ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi na kihamba, yaani shamba la ukoo, alikuwa hajasema neno tangu wasifu uanze kusomwa. Sasa alinyanyua kichwa. "Kaka, huyo mume alikuwa anamvalisha yeye mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi mimi namwacha aandike."

Kitabu cha Bayley, kwa haki yake, kina zaidi ya hayo aliyoyataja kaka. Kinaanza na wawili hao wakiogelea mtoni karibu na Oxford, kama walivyokuwa wakifanya tangu uchumba, na ugonjwa unaingia katikati ya mapenzi hayo bila kuyafuta. Ubongo wa Murdoch uliachwa kwa ajili ya utafiti, na baadaye wanasayansi walilinganisha maneno ya riwaya yake ya mwisho, ya mwaka 1995, na ya riwaya zake za awali, wakakuta msamiati ulikuwa umeanza kupungua kabla daktari yeyote hajagundua lolote. Hata hivyo swali la kaka linabaki pale pale. Nani alimpa ruhusa?

Na kaka alilibana swali hilo. Akamtaja Gabriel García Márquez wa Kolombia, aliyefariki mwaka 2014 baada ya miaka ya kusahau. Riwaya yake ya mwisho, aliyohangaika nayo kumbukumbu ikimponyoka, aliisema wazi kuwa haifai na iharibiwe. Wanawe waliihifadhi, kisha wakaichapisha Machi 2024, siku ambayo angetimiza miaka 97, na wao wenyewe wakakiri katika dibaji kwamba wamemsaliti baba yao. "Wanawe!" alisema kaka. "Watu waliompenda. Mtu akishindwa kujisemea, walio karibu naye ndio wa kwanza kumsemea wanayoyataka wao."

"Lakini wapo waliojisemea," binti akadakia. Ronald Reagan, aliyekuwa Rais wa Marekani, aliandika barua kwa mkono wake tarehe 5 Novemba 1994 akiwaambia Wamarekani kwamba ana Alzheimer. Mwimbaji Glen Campbell alitangaza mwaka 2011, kisha akapanda jukwaani kwa ziara ya kuaga iliyofikia maonyesho 151, watoto wake wakipiga vyombo nyuma yake na maneno ya nyimbo yakipita mbele yake kwenye skrini. Vidole vyake viliendelea kulijua gitaa baada ya ulimi kuanza kukosa maneno.

"Hao walijisemea, umesema vyema," kaka alijibu. "Mama hakuniambia kitu. Alipokuwa na akili ya kuamua hatukumuuliza, na tulipotaka kumuuliza hakuwa nayo tena. Sasa mimi nani hata niamue?"

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wake, na katika usiku huo hakuna aliyeijibu moja kwa moja. Pengine haina jibu. Lakini ina ndugu yake ambayo kaka hakuitazama: kunyamaza nako ni kuamua. Ule mstari mmoja nao unamsemea marehemu, na unasema kwamba miaka saba ya uhai wake haikuwa na jambo la kukumbukwa.

Kitinda mimba ndiye aliyeutoa mjadala kwenye vitabu.

"Kaka, wewe unakuja Krismasi. Kuna maneno hukuyasikia." Alisema polepole, akitazama sakafu. Mwaka wa pili wa ugonjwa, mama alipoanza kutoka usiku na kutembea barabarani akiita watu waliokufa zamani, majirani walianza kunong'ona. Wengine walisema amerogwa. Wengine walisema yeye ndiye mchawi, na uchawi umemrudia. Na wapo waliosema kwamba mkamwana amemfunga akili ili kihamba kiwe chake. "Mke wangu alikuwa anaenda kisimani watu wananyamaza. Unajua sababu? Kwa sababu hatukuwaambia ni ugonjwa gani. Tulisema anaumwa. Tukawaachia wajaze wenyewe."

Si jambo dogo. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii nchini Kenya, wanawake wazee wanne waliuawa na kundi la watu waliowaita wachawi. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, wazee wamekimbia makazi yao kwa tuhuma za namna hiyo. Na Kanda ya Ziwa nchini Tanzania ina historia ndefu ya vikongwe kuuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni miaka 50. Hakuna anayeweza kusema wangapi kati yao walikuwa wagonjwa wa kusahau. Lakini mzee anayetembea usiku, anayezungumza na wasioonekana, anayemtuhumu jirani kumwibia, ana dalili ambazo daktari anaziita ugonjwa na mtaa unaziita jina lingine.

Hai yenyewe ina mengi ya kusema hapa kuliko wilaya nyingi za Afrika. Watafiti walipita vijiji vya wilaya hii wakawapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na wakakadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wa rika hilo wana demensia, kundi la magonjwa ya kupoteza akili ambalo Alzheimer ndiyo kubwa ndani yake. Wazee sita katika kila mia, chini ya mlima huu huu. Walipowauliza ndugu na waganga, wengi walijibu kwamba ni uzee tu. Wengine wakataja laana na uchawi. Na kwa kuwa wazee wengi hawakusoma shule, vipimo vya Ulaya vya kuchora saa na kuandika sentensi havikuwafaa, hivyo kikatengenezwa kipimo kingine, Hai na Nigeria zikishirikiana: taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja, niambie daraja ni nini, leo siku gani, kumbuka maneno niliyokusomea, panga njiti za kiberiti kama nilivyopanga mimi.

Binti alijifunza kipimo hicho chuoni, na likizo moja alimfanyia bibi yake mezani hapo hapo sebuleni. Alipanga njiti nne, akazivuruga, akamsukumia. Bibi alizitazama kwa muda. Kisha akaziokota moja moja, akazirudisha ndani ya boksi, akalifunga, akaliweka juu ya kabati mahali ambapo mtoto hafiki. Akamwambia mjukuu wake, ambaye jina lake hakuwa analijua asubuhi ile, kwamba watoto hawachezei kiberiti, wataungua.

"Alipata sifuri," binti alisema. "Sikujua niandike wapi hilo lingine."

Wakati huo mkamwana alikuwa ameingia kuchukua sufuria. Alisimama mlangoni, kisu mkononi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi. Hakuna aliyekuwa amemwita kwenye kikao, naye hakuonekana kulitarajia hilo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 waliishi na demensia duniani, zaidi ya asilimia 60 kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba asilimia 70 ya saa za kuwahudumia nyumbani hutolewa na wanawake. Takwimu hiyo ya mwisho ilikuwa imesimama mlangoni na kisu.

"Shemeji," kaka alimwambia, "wewe ndiye uliyekaa naye. Ungeandikaje?"

Alichelewa kujibu. "Mimi sitaki muandike kwamba aliniita mwizi. Aliniita, na mara mbili alinipiga na mwiko. Alikuwa anatafuta khanga zake za harusi, na mtu wa karibu alikuwa mimi. Hayo yameisha. Wala msiandike habari za kumwogesha. Mwili wake nimeusitiri mimi miaka yote hiyo, Shangazi, hakuna mwanamume wa nyumba hii aliyeuona. Hilo mniachie."

Shangazi aliinamisha kichwa.

"Lakini msiseme aliugua tu, kana kwamba alilala kitandani miaka saba akisubiri kufa. Huyu mtu alikuwa anaamka saa nane za usiku anasema wageni wanakuja. Mwanzoni nilikuwa nabishana naye. Namwambia Mama hakuna mgeni, lala. Analia. Nikaja nikajua. Nikawa namletea ndizi na kisu kisicho na makali, tunakaa wote jikoni. Alikuwa hajui mimi nani. Ila ndizi alimenya, shemeji! Unajua alivyokuwa anamenya, anakata ncha, anapasua mgongo mara moja, ganda linatoka zima. Mikono haikukosea hata siku moja. Tukimaliza anapanga sahani. Anahesabu, anapunguza, anaongeza moja. Namuuliza hiyo moja ya nani? Ananiambia, ya yule ambaye hatumjui. Ndiyo analala."

Hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Kuna maelezo ya kitaalamu ya jambo hili. Ugonjwa huanza kushambulia sehemu ya ubongo inayohifadhi matukio mapya, ndiyo maana mgonjwa husahau alichokula asubuhi akakumbuka harusi yake; lakini ustadi wa mikono na nyimbo za utotoni hukaa kwenye njia nyingine za ubongo zinazochelewa kuharibika. Mama huyu aliimba nyimbo za kitabu cha Mwimbieni Bwana, beti zote, katika mwaka ambao hakuweza kutaja mtoto hata mmoja. Na hisia nazo zina njia yake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani waliwaonyesha wagonjwa 17 wa Alzheimer filamu fupi, za huzuni na za furaha. Muda mfupi baadaye walikumbuka machache sana ya walichokitazama, na mmoja hakukumbuka hata kwamba kulikuwa na filamu. Huzuni na furaha zikabaki ndani yao. Mtu aliyetoka kumtembelea mama akisema "sikuwa na haja ya kwenda, hata hanikumbuki" alimwachia kitu bila kujua. Na aliyemfokea alimwachia kitu pia.

Lakini hakuna maelezo ya kitaalamu ya sahani ile ya ziada. Ile ilikuwa tabia yake. Kaka alikuwa amekaa usiku mzima akimlinda mama mkarimu wa zamani asichafuliwe na mgonjwa wa miaka ya mwisho, na sasa anaambiwa na mtu aliyekuwepo kwamba walikuwa mtu mmoja.

Hapa ndipo makala haya yanapoegemea. Sitara ya shangazi na uwazi wa binti havigongani kama vilivyoonekana mwanzoni mwa usiku. Vinafunika vitu tofauti. Mwili unasitiriwa, na matusi yaliyosemwa na ugonjwa kwa mdomo wa mgonjwa yanasitiriwa. Jina la ugonjwa halina uchi wa kufunikwa. Likitajwa kesho, kati ya waombolezaji watakuwepo watoto wa wazee wengine ambao sasa hivi wananong'onwa kisimani. Atakuwepo pia mtu wa miaka 50 ambaye bado ana muda: tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, masikio yasiyosikia vizuri na upweke.

"Bado nina shaka," alisema kaka, na alisema kweli, kwani shaka yake haikuwa ya ukaidi. "Nikisimama pale nitalia kwenye hiyo sahani."

"Ulie," alisema shangazi. "Ni mama yako."

Kaka alichukua simu, akaufuta ule mstari. Nafasi ilikuwa tupu na hakujua aijaze na nini, kwa sababu miaka ile saba hakuwa nayo. Alikuwa na simu za Jumapili na Krismasi saba. Akamgeukia tena aliyesimama mlangoni.

"Shemeji, kaa kidogo. Ilianza lini hasa?"

"Msimu wa kahawa, 2017." Alikaa kwenye ukingo wa kochi, kisu magotini. "Alikuwa anauza mkungu, anapokea pesa, halafu anarudisha chenji kubwa kuliko pesa aliyopewa. Wenzake wa sokoni walijua kabla yetu. Jioni walikuwa wanapita hapa na pesa zake wamezifunga kwenye kitambaa, wanasema mama amezisahau. Miezi mingi hiyo. Hawakumwambia mtu."

"Kina nani?"

Akamtajia. Walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa jikoni wakati huo, akimenya ndizi. Kaka aliandika. Akauliza habari za kwaya, aliacha lini kwenda. Akaambiwa hakuacha, alipelekwa kila Jumapili hadi mwaka jana, akakaa kiti cha mwisho, akaimba sauti ya pili kama siku zote. Akaandika. Akauliza ule usiku wa wageni ulikuwa mwaka gani.

"Upi? Zilikuwa nyingi."

"Wa kwanza uliokaa naye."

Alifikiri. Binti alikuwa amesogea kwenye mkono wa kochi, karibu na mama yake. Kitinda mimba aliongeza mwanga wa taa.

"Na viatu usiandike," alisema shangazi.

"Viatu siandiki."